Acha Dawa Ifanye Kazi

Lusekelo alizaliwa Tukuyu, akaja Marekani kumwendesha ofisa mmoja wa ubalozi, na siku hizi anaishi Springfield ambako anaponya watu. Katikati ya hayo alikuwa mume wangu, lakini hilo halikuandikwa kwenye chupa ya dawa yake.

Kwenye chupa kuna picha yake. Amevaa koti jeupe, amekunja mikono kifuani, uso umejaa huruma kwa wagonjwa wote wa dunia. Koti lile nimelifua mimi. Ofisa wake alipomaliza muda akarudi nyumbani, Lusekelo alipata kazi ya kukata nyama katika duka moja hapa Laurel, na koti akapewa huko buchani. Damu ya ng'ombe haitoki kirahisi. Ukiitazama picha vizuri, chini ya mfuko wa kushoto kuna doa lililozishinda sabuni zangu zote. Watu wanadhani ni kivuli.

Dawa yenyewe ilizaliwa jikoni kwangu: tangawizi, unga wa mwarobaini kutoka duka la Wahindi, shubiri, na asali nyingi ya kulidanganya koo. Haikununuliwa. Wiki moja asali ikaisha, akaipeleka hivyo hivyo, na watu wakaimaliza wakiwa wamekunja nyuso. Tangu siku hiyo asali haikurudi. Watu wetu hawaamini dawa inayonyweka.

Mwanzoni ilikuwa ya kikohozi. Ikaingia kwenye viungo, ikapanda kwenye sukari, ikashukia nguvu za kiume, ikafika mpaka kwenye presha. Presha iliyopanda inaishusha, na iliyoshuka inaipandisha. Inajuaje ipi ni ipi ikishafika tumboni, sijawahi kuambiwa.

Mzee wa Kizungu ninayemtunza aliiona chupa hiyo siku moja kwenye mkoba wangu, akacheka mpaka nikamshika asianguke. Dirishani kwake amepanga chupa kuukuu za bluu alizozifukua uani. Akaniambia babu wa babu yake alikuwa akiuza vitu hivyo kwenye gari la farasi, naye picha yake, ndevu na yote, ilikuwa kwenye karatasi ya chupa. Chupa moja ina maneno yaliyochomoza kwenye kioo, akanisomea: ya maumivu yote ya binadamu na mifugo. Angalau yule aliwakumbuka ng'ombe. Wangu aliwakata tu.

Dawa ilipoanza kujulikana, niliachwa. Alimwoa Euphrasia, msichana wa Moshi aliyemchorea karatasi ya chupa. Ndiye aliyeyaweka pia yale maneno makubwa mekundu: ACHA DAWA IFANYE KAZI. Nadhani kuacha ndilo neno lililokuwa midomoni mwao siku zile.

Kikao cha kunisuluhisha kiliongozwa na Mama Cherono. Huyu ni mama mtu mzima wa Bomet, Mkenya, amestaafu kutunza wagonjwa. Nilipofika nchi hii sijui mtu, yeye ndiye aliyenipa kitanda na koti la baridi. Kwa hiyo neno lake lilinikata zaidi. Alisema, "Anitha, wewe uko na uchungu mingi. Mwanaume hawezi kaa kwa nyumba iko na uchungu." Hapo uchungu ulikuwa haujaanza bado. Lakini tangu siku hiyo, hata nikisema mvua inanyesha, watu huitikia kwamba yule mama ana uchungu.

Hata hivyo siku zangu za mapumziko huenda kumwona. Mtu aliyekupa koti la baridi humwachi.

Majira ya joto yaliyopita nilimpelekea mchicha, nikainjika chai. Nikaulizia iliki.

"Iko kwa kile kisanduku hapo," akasema.

Kisanduku chenyewe kilikuwa kile cha vidonge, chenye vyumba vya siku za wiki. Jumatatu kulikuwa na iliki. Jumanne, karafuu. Jumatano, mdalasini.

"Mama, vidonge vya presha viko wapi?"

"Niliacha."

"Nani kakwambia uache?"

"Si imeandikwa." Akaichukua chupa ya Lusekelo, akaisogeza mbali na macho, akasoma. "Acha dawa." Akatua, akameza mate. "Ifanye kazi. Unaacha hizo za hospitali, ndio hii ipate kufanya kazi. Zikiwa mbili zinapigana kwa tumbo."

Mimi shule niliiacha darasa la nne, nasoma kwa kidole, na kidole changu hakikuona pa kutua hapo katikati. Nikamwambia, "Mama, ni neno moja hilo, linakwenda moja kwa moja. Anasema subiri, usiiharakishe."

"Sasa ni wewe unanifundisha kusoma?"

"Uso umekuvimba."

"Ni sumu inatoka."

"Na kichwa?"

"Kinauma. Daktari alisema lazima kiume kwanza."

"Daktari gani?"

Akaligusa kwa kidole lile koti la buchani kwenye picha.

Kisha akanimiminia chai. Nusu iliingia kikombeni, nusu ikamwagika mezani, na yeye aliendelea kuzungumza habari za mjukuu wake. Hakuona. Nimetunza watu waliopooza upande mmoja, nimewalisha kwa kijiko. Najua safari hiyo huanza na vitu vidogo kama chai.

Ningeweza kumweleza habari za koti. Angesema ni uchungu. Ningemletea muuguzi, angesema nimemfundisha maneno. Mdomo aliouamini ulikuwa mmoja tu, nao ulikwisha kunilia kiapo mimi, kwa hiyo nilijua uzito wake. Ilibidi niutumie huo huo.

Nikampigia bintiye, Cherono mwenyewe, anayeishi Germantown. Kiswahili anakisikia, ila hujibu kwa Kiingereza. Nilimwambia aje Jumapili na simu yake iwe na chaji.

Baada ya ibada, Lusekelo huwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa letu, karibu na chai na mandazi, ameanika chupa zake. Nikaja nimemshika Mama Cherono mkono.

"Shikamoo, mama," akamwambia.

"Marahaba, daktari."

"Naona hata mama Zefania amekuja. Umekuja kununua?" akaniuliza, akiniita kwa jina la mwanetu.

"Nimekuja kusomewa, baba Zefania. Unajua mimi na kusoma."

Waliokuwa kwenye mandazi wakacheka. Cherono, aliyetufuata nyuma, akainua simu usawa wa uso wa Lusekelo, ikirekodi, akajikaza kwa Kiswahili.

"Anko, hii inasema nini? Mami ameacha dawa ya hospitali. Ndiyo inasema hivyo?"

Lusekelo ni dereva wa siku nyingi, akiona taa za polisi kwenye kioo hupunguza mwendo kabla hajaambiwa. Aliiangalia ile simu, akapunguza.

"Hapana, hapana. Hayo maneno ni ya subira. Uiache dawa, itende kazi yake taratibu. Sijawahi kumwambia mtu yeyote aache vidonge."

"Kwa hiyo avimeze?" nikauliza.

"Avimeze."

"Mwambie yeye. Unaiambia simu."

Akamgeukia. Sauti ikawa ile ya kwenye picha. "Mama, meza vidonge vyako vya hospitali. Anza leo. Na hii pia, maana vinasaidiana." Asingeweza kuacha kuuza hata malaika wangekuwa wanarekodi.

Mama Cherono akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Tulipotoka nje akanigusa bega. "Umeona vile daktari anaongea na mtu? Polepole. Si kama wewe, kunipigia kelele."

Vidonge vikarudi kwenye vyumba vyao. Iliki ikahamia kwenye kopo. Uso ukapungua, kichwa kikatulia. Sikukuu ya mavuno ilipofika, Mama Cherono akasimama kanisani kushuhudia. Alisema presha imeshuka mpaka daktari wa hospitali ameshangaa, akamshukuru Mungu, halafu akaitaja chupa. Vidonge havikutajwa. Siku hiyo chupa zilikwisha kabla ya mandazi, na Euphrasia akachapa karatasi mpya. Sasa kwenye chupa wako wawili: Lusekelo na doa lake, na Mama Cherono amevaa kilemba, anacheka.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona. Alikuwa ameniwekea chupa kwenye mfuko.

"Ya bure," akasema. "Kunywa, mdogo wangu. Inatoa hata uchungu."

Nikaionja pale pale. Siku hizi Lusekelo anazidisha shubiri.

Akaniondolea chupa, akaleta kikombe, akanimiminia chai. Mkono wake ulikuwa imara. Chai yote iliingia kikombeni, meza ikabaki kavu. Aliendelea kumsifu daktari, na mimi nilikuwa na la kusema. Nikanywa chai. Nikaiacha dawa ifanye kazi.