Koti Lililokatwa Mkia

Wanamwita Fundi Pindo kwa sababu miaka thelathini kwenye cherehani hajawahi kutoa nguo yenye uzi unaoning'inia. Hata msibani, akiona uzi umechomoza kwenye shati lako anaukata kwanza, pole baadaye. Macho yalipochoka akaacha ushonaji, akanunua kondoo. Ukoo ulicheka wiki nzima: sasa atamshonea nani, kondoo? Subiri.

Asubuhi moja kondoo wake wa kwanza kabisa, mama wa nusu ya zizi, alizaa kwa shida akafa. Akaacha mwanakondoo jike, anatetemeka kama simu iliyozimwa mlio. Pembeni, kondoo mwingine alikuwa amezaa mfu, kiwele kimejaa mpaka kinang'aa. Huyu hana mama, yule hana mtoto. Si wakutane tu? Thubutu. Kondoo anaamini pua yake, na kila yatima aliposogea alipigwa kichwa.

"Shemeji, huyu hafiki jioni," alisema mume wa mdogo wake, mchinjaji. "Usijitese."

"Nimekuuliza ratiba yake? Nichunie yule mfu. Ngozi nzima, usiitoboe."

"Unamshonea suti?"

"Koti."

Fundi Pindo akamkamua yule mama aliyefiwa, akamnywesha yatima maziwa ya kwanza kwa chupa ili avute muda. Kisha akampima kwa futi kamba, kifua, mgongo, miguu, kama bwana harusi. Akatoboa ngozi matundu manne, akamvalisha, akafunga kifuani. Mkia wa ngozi ulikuwa unaning'inia vibaya, unaharibu umbo. Akaukata, akautupa.

Koti lilikaa mwilini utadhani amezaliwa nalo. Mama akanusa mgongo, akatulia. Yatima akajichomeka chini ya kiwele. Mama akageuza shingo, akanusa nyuma, akamrusha ukutani.

"Mteja amerudisha nguo," alisema shemeji.

Fundi Pindo alikaa juu ya ndoo, akamtazama kondoo mwingine akinyonyesha. Mtoto ananyonya, mkia unachezacheza, mama anageuka kuunusa. Kila mara mkia.

"Shemeji," alisema taratibu, "nimekata lebo."

Alitoka mbio. Mbwa alishauweka mdomoni. Walivutana, na mbwa alipoona yale macho akaamua kuwa mstaarabu. Mkia ukashonwa upya kwa uzi wa gunia, mishono mibovu, nyuzi zinaning'inia kila upande. Yatima akarudi kwenye kiwele. Mama akanusa nyuma, akanusa tena, akakoroma kwa chini, akaanza kumlamba.

Siku ya tatu akamvua koti kipande kipande, kuanzia mbele. Mkia ukawa wa mwisho. Mama hakushtuka.

Miezi mitatu baadaye, muda wa kuachisha ziwa, Fundi Pindo aliwahamishia kondoo mama kwa shemeji, wanakondoo wakabaki kwenye zizi wanalolijua, maji na majani palepale. Kesho yake shemeji akaja, macho mekundu.

"Yule kondoo wako analia tangu jana, sijalala. Na mtoto mwenyewe hata si wake."

Fundi Pindo aliendelea kutandaza majani. Yatima, mnene sasa, alikuwa anawasukuma wenzake pembeni.

"Basi nenda kamwambie," alisema.