Sindano Zisizo na Dawa

Mama alipostaafu uuguzi alirudi nyumbani kwetu Rusimbi na begi la nguo, redio, na mtoto wa mbwa aliyefungwa kwenye khanga. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye zahanati ya Kagunga, na mbwa yule alizaliwa nyuma ya jiko lake huko. Safari nzima ya boti alimpakata. Nilipowapokea bandarini Kibirizi, kabla sijamaliza shikamoo, alinikabidhi lile furushi. "Mshike mwenzako," akasema. "Amenitapikia."

Alikuwa jike, wa rangi ya udongo. Baadaye nilileta dume jeusi ili apate mwenzake, lakini yule jike alibaki mbwa wa Mama. Alimfuata sokoni, alimsubiri nje ya kanisa, na Mama alipokuwa akiongea naye alitumia Kiha, si Kiswahili. Sisi watoto wake alitugombeza kwa Kiswahili.

Miaka ikaenda, mbwa akazeeka. Masika moja aliteleza kwenye ngazi za baraza. Asubuhi yake miguu ya nyuma haikumtii. Alijivuta kwa miguu ya mbele mpaka mlangoni kwa Mama, akalala pale, akamtazama.

Nilimwita daktari wa mifugo, mama mmoja mpole anayezungukia ng'ombe na mbuzi wa Buzebazeba kwa pikipiki. Alimpapasa mgongo, akampa dawa ya maumivu. Wiki mbili zikapita bila mabadiliko. Aliporudi alitueleza kwamba amejifunza tiba ya sindano ndogo, zile za Kichina, na angependa kuijaribu.

"Zina dawa gani?" Mama akauliza.

"Hazina dawa, Mama. Ni sindano tu. Zinaamsha mishipa ya fahamu."

"Mimi nimechoma watu maisha yangu yote. Sindano isiyo na dawa inatibu nini?"

"Siwezi kukuahidi kitu," daktari akajibu. "Lakini nimeona mbwa wakisimama."

Mama akaenda kutandika mkeka barazani.

Nilidhani yeye ndiye angemshika mbwa. Alimshika kichwa kweli, lakini sindano ya pili ilipoingia kiunoni alisimama akasema ameacha maharage jikoni. Hatukuwa tumeinjika maharage. Nikashika mimi. Dume jeusi, aliyekuwa akimbwekea daktari tangu getini, alikuja akajilaza ubavuni mwa mwenzake, akatulia. Sindano kama kumi zilisimama mgongoni, nyembamba kama nywele. Punde yule jike akafumba macho, akaanza kukoroma.

Mama alichungulia mlangoni. "Amelala?"

"Amelala."

"Mimi hakuna mgonjwa aliyewahi kulala nikimchoma," akasema, na nikasikia kijiwivu katika sauti yake.

Daktari alikuja kila Jumamosi. Jirani yetu, mzee wa Ujiji ambaye kwa dini yake hagusi mbwa, alisimama upande wake wa ua na kuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje leo?" Siku moja alimwomba daktari amchome na yeye goti.

"Mzee wangu, mimi natibu mifugo."

"Basi niandike mbuzi."

Daktari alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamwelekeza hospitali. Mzee alikwenda kweli.

Jumamosi ya nne mkia ulitikisika. Ya sita, mbwa alisimama, akayumba, akaanguka, akasimama tena. Mama alikuwa amekaa palepale kwenye mkeka. Siku hizo alishazoea kubaki, ameshika kichwa cha mbwa huku akitazama pembeni. Aliingia ndani akamletea daktari sahani ya ugali na samaki wa ziwani, migebuka iliyokuwa ya chakula chetu cha mchana. Mimi nikanywa chai na mkate.

Mbwa hakupona kikamilifu. Mguu mmoja unaburuta mpaka leo, na ngazi tumezijazia udongo zikawa mteremko. Lakini anatembea. Daktari alishauri tumpeleke ziwani, maji yambebe huku akifanya mazoezi, kwa hiyo jioni nikitoka kazini tunampakia kwenye bajaji, dume akikimbia nyuma.

Tangu arudi kutoka Kagunga Mama hakuwahi kuingia ziwani. Alisema maji yale alishayaona ya kutosha. Wiki iliyopita jike alifika kwenye kina cha kifua chake, akasita, akageuka kumtafuta. Mama alivua kandambili, akakunja khanga juu ya magoti, akaingia taratibu akimwita kwa Kiha. Mbwa akapiga maji kwa miguu yote minne kumfuata. Mimi nilibaki ufukweni nimeshika kandambili, dume jeusi akinikung'utia maji.