Mfagiaji Aliyeita Majina

Zamani mahakama yetu ilikuwa na mdomo. Karani alisimama mlangoni akaita jina mara tatu, na usipoitika, mimi tarishi nilitumwa kukutafuta hadi chooni. Leo karani hayupo. Wametundika kioo ukutani, majina yanapita yakimetameta, na asiyejua kusoma shauri yake. Wanayaita hayo maendeleo. Mimi niliyejifunza kusoma ukubwani, kwa magazeti ya kufungia vitu dukani, najua ni nani wanaomwacha nje.

Afadhali yupo mfagiaji mmoja, mwanamke mfupi mwenye goti bovu na sauti ya kuamsha mtaa mzima. Tunamwita Kipaza. Shule aliiachia darasa la nne, lakini kidogo alichokipata humo hakukifungia kabatini.

Siku moja alikuwa akifagia ukumbini, akamkuta tena mjane mfua nguo, aliyemshtaki shemeji yake kwa kutaka kumtoa katika nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe.

"Shangazi, mwezi wa tatu huu nafagia miguuni pako. Umeolewa na benchi?"

"Nangoja kuitwa, mwanangu."

"Uitwe na nani? Siku hizi anayeita ni ule ukuta."

Mjane akautazama ukuta. "Mbona hausemi?"

Kipaza hakucheka. Aliinua macho kwenye kioo, akaliona jina la mjane juu kabisa. Shauri lake lilikuwa likitajwa dakika ile ile. Mara mbili alikwishaandikwa kuwa hakufika, naye alikuwa amekaa hatua kumi kutoka mlangoni. Mara ya tatu shauri hufutwa, na nyumba ingekwenda. Shemeji alikuwa ndani tayari, suti imepigwa pasi, uso umetulia.

Kipaza akamshika mjane mkono, akausukuma mlango kwa ufagio. Hakimu alikuwa ameshika kalamu.

"We mama!" askari alifoka. "Huu si wakati wa kufagia!"

"Sijaja kufagia, afande. Nimemleta huyo mnayesema hayupo."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu, na hapa nampa haki yake ingawa ni wa kizazi hiki cha haraka haraka, aliweka kalamu chini.

"Alikuwa wapi siku zote?"

"Hapo nje, mheshimiwa, mara zote tatu. Niulize mimi, nimemfagia mpaka kandambili."

Shauri likasikilizwa. Majirani waliitwa, wakasema walichokijua, na mpaka leo mjane anaanika nguo za watu katika ua ule ule.

Shukrani aliyopata Kipaza ni barua ya onyo kutoka kampuni ya usafi: ameingia chumba cha mahakama na ufagio mkononi. Aliponionyesha, damu ilinichemka. Nikamwambia kwamba zamani mtu kama yeye angepewa mkono na hakimu mbele ya watu.

"Zamani yako imekwisha, babu," alisema, akiikunja barua. "Kesho ufagio nitauacha nje."

Na aliuacha. Sasa kila asubuhi, kabla ya kuchovya dekio kwenye ndoo, hupita benchi kwa benchi akiwauliza watu majina. Jina likitokea kwenye kioo, huegemeza ufagio ukutani, hujikaza juu ya goti lake bovu, na kuliita mara tatu. Asiyeitika, humfuata hadi chooni.