Bega halijapona, meza ya hamamu hajaiachia

Ndiyo kwanza kunapambazuka mjini Jinju, kusini mwa Korea, na kulabu za Pyo Geum-ok zimekwisha kujaa. Zimepangwa ukutani juu ya meza yake ya kazi. Kila mwanamke anayetaka kusuguliwa huvua ufunguo wa kabati lake mkononi, akautundika hapo, kisha akaenda kujiloweka kwenye maji ya moto hadi aitwe.

Kesho ni Seollal, mwaka mpya kwa kalenda ya mwezi. Hakuna mtu wa mtaa huu anayetaka kuwainamia wazee wake akiwa na nongo ya mwaka jana.

Geum-ok ana miaka hamsini na saba. Amevaa sare ya wasuguaji wote wa hamamu za wanawake: sidiria nyeusi na chupi nyeusi. Anaimwagia meza ndoo ya maji ya moto, anavaa glavu ya kijani yenye kukwaruza, anasoma namba ya ufunguo wa kwanza.

"Kumi na nne! Kumi na nne yuko wapi, au ameshaiva huko?"

"Naja, mama mdogo! Bado upande mmoja!" anajibu mteja; mama mdogo ndivyo wasuguaji wanavyoitwa hapa.

Mteja analala chali. Geum-ok hamfuniki uso kwa taulo, kama wafanyavyo wasuguaji wengine. Anamuuliza mwanawe anafika saa ngapi kutoka Seoul. Anaanza na kiganja, anapanda mkono, anafika kwapani. Hapo anasita, anabadili mguu wa kusimamia, anaendelea kwa mkono wa kushoto.

Anayemtazama kwa mbali hawezi kujua kwamba bega lake la kulia linawaka moto. Wala hawezi kujua kwamba leo ndiyo siku ya mwisho aliyopewa na mwenye hamamu kuonyesha kama meza hii bado ni yake.

Machi mwaka jana, mafua ya Geum-ok yaligeuka nimonia. Alikaa wiki tatu katika chumba cha wagonjwa mahututi, muda mwingi akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, bomba kooni, mashine ikimpumulia. Kwa siku kadhaa madaktari walimlaza kifudifudi ili mapafu yapate nafasi. Mkono wa kulia ulikuwa umeinuliwa kando ya kichwa.

Mengi anayoyakumbuka ya siku hizo hayakutokea, au hayakutokea hivyo.

"Kuguswa kule nilikujua," anasema. "Mtu anakupangusa, anakugeuza, anakupangusa tena. Mimi nageuza watu miaka ishirini na miwili. Nikajiambia, basi, nimekufa, hawa wananiosha kwa ajili ya maziko. Nikataka kuwaambia nawasikia. Sauti haikutoka."

Alijaribu kulichomoa bomba. Wauguzi wakaifunga mikono yake kitandani kwa vitambaa, asijidhuru. Lakini kwao maiti huoshwa, huvishwa, kisha hufungwa kwa vitambaa. Kwa mgonjwa aliyekuwa akiweweseka, ushahidi ulikuwa umekamilika.

Alitoka hospitali akitembea kwa fimbo. Majirani walimpongeza kama mwanafunzi aliyefaulu mtihani. Walipokwisha kumpongeza na kurudi makwao, maumivu yakaanza.

Bega lilimuuma akichana nywele, akivaa koti, akiinua kifuniko cha sufuria. Usingizi ulimjia akiwa ameketi tu, taa na televisheni zikiwa zinawaka. "Mume wangu akasema chumba chetu kimekuwa stesheni ya treni," anasema. "Nikamwambia treni ikifika aniamshe."

Daktari Maeng, anayemtibu katika kliniki ya maumivu, anaeleza bila kupamba. Neva za bega zilivutika na misuli ilinyauka kwa kulala muda mrefu. "Picha hazionyeshi mengi, lakini hilo halifanyi maumivu kuwa ya kubuni," anasema. "Na kwake hofu na maumivu vinalishana. Asipolala, bega huuma zaidi. Bega likiuma, halali."

Msuguaji hana mshahara. Mteja mmoja hulipa won elfu ishirini na tano, na msuguaji humlipa mwenye hamamu kodi ya meza kila mwezi. Miezi ambayo Geum-ok hakufanya kazi, hakuingiza hata won moja.

Alirudi Oktoba. Hakumaliza siku.

Mteja wake wa tatu alikuwa bibi wa miaka themanini, wa siku nyingi. Bibi alilala chali, Geum-ok akamfunika uso kwa taulo la vuguvugu kama ilivyo desturi, bibi akalegea. Geum-ok alipouinua mkono wake na kuuachia, ukaanguka mezani kama mzigo.

"Niliona maiti," anasema. "Simaanishi kwamba nilimfananisha. Niliona maiti, na nikasikia ile mashine."

Alitoka mbio kwa sare yake ile ile, akapita makabati, akapita mlango wa mbele, hadi kwenye kaunta ambako wanaume wawili walikuwa wakiwasubiri wake zao.

"Walitazama dari," anakumbuka Gu Yeong-rye, mwenye hamamu, mwanamke wa miaka sitini na tisa anayeuza tiketi mwenyewe. "Waungwana sana. Dari yangu haijawahi kutazamwa namna ile."

Bibi hakujua kilichotokea. Alisinzia pale pale hadi msuguaji wa meza ya pili, Seok Chun-ja, alipokuja kummalizia.

Mama Gu hakumfukuza Geum-ok, ila alimwekea mpaka. "Nilimwambia wazi: siku moja kabla ya Seollal ndiyo kipimo. Ukiweza kuibeba siku hiyo, meza ni yako. Usipoweza, kuna mwanamke wa Sacheon, mji wa jirani, ananipigia kila wiki kuiulizia. Mimi si katili, lakini maji ya moto yana bili."

Geum-ok akachagua njia ambayo wasuguaji wengi huichagua, yaani kunyamaza. Alibandika plasta za dawa begani, moja juu ya nyingine, akavaa fulana juu yake, kisha akaingia chumba cha mvuke ili joto lilegeze misuli. Dawa na joto vikasaidiana kumuunguza.

Chun-ja, anayemzidi miaka minne, ndiye aliyeligundua bega hilo kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

"Nini hii?"

"Si kitu, dada."

"Si kitu kina malengelenge? Wewe mwanamke umejipika! Ungetia na kitunguu basi, tukule!"

"Alinitukana hadi akachoka," Geum-ok anasimulia. "Kisha akaketi, akaniuliza: mtu akilala hapo mezani, wewe unaona nini? Nikamwambia. Hata mume wangu nilikuwa sijamwambia."

Chun-ja alimshika mkono siku iliyofuata, wakaenda pamoja kwa Daktari Maeng, na Geum-ok akarudia maneno yale yale. Daktari akampeleka kwa mshauri wa mambo ya nafsi. Alikataa mara ya kwanza. "Nilidhani huko huenda wenye kichaa," anasema. "Nikaenda nimevaa barakoa na kofia. Nikamkuta huko muuza samaki wangu, naye kavaa barakoa na kofia."

Mshauri hakumtaka aikwepe meza. Alimtaka atafute kitu kimoja ambacho aliye hai hufanya na maiti hawezi. Geum-ok alifikiri wiki nzima, kisha akaacha kuwafunika wateja uso na akaanza kuwauliza maswali.

Si wote waliofurahi. Msusi mmoja wa jirani alimlalamikia papo hapo: "Mama mdogo, nimekuja kusuguliwa, sikuja kuhojiwa na polisi!" Akahamia kwa Chun-ja, na wengine wakamfuata. Walibaki wale wanaopenda kusema, na mtaani hapo si haba.

Kuhusu bega, mtaalamu wa viungo alimfundisha upya kusimama: nguvu itoke nyongani, mkono wa kushoto ushike kazi za juu, mteja alazwe ubavu kwanza. Daktari Maeng angependa aiache kazi kabisa. "Tulibishana, akanishinda," anasema. "Nikamtaka basi apumzike kila bega linapoanza kufa ganzi, hata kama watu wanasubiri. Hapo nikashindwa tena."

Alishindwa kwa sababu ya zile kulabu. Kwa wasuguaji, ufunguo uliopokelewa ni neno lililotolewa. Anayeuondoa kwenye kulabu yake na kuutundika kwa mwenzake amekiri mbele ya hamamu nzima kwamba kazi imemshinda. Katika miaka yake ishirini na miwili, Geum-ok hakuwahi kuhamisha ufunguo hata mmoja.

Mchana wa leo, watu wakiwa wamejaa hadi kwenye ngazi za bwawa la moto, mkono wake wa kulia unakataa kuinuka. Anamaliza mgongo wa mteja kwa kushoto, anampiga piga begani kumwambia tayari, anamwagia maji ya mwisho. Kisha anabaki amesimama, akitazama funguo zilizosalia.

"Zamani ningemeza vidonge viwili," atasema baadaye. "Vilikuwamo kwenye mkoba. Lakini nilijua nikimlaza mtu hapo na bega lile, nitamwangukia au nitakimbia."

Anazikusanya funguo, anavuka sakafu yenye maji, anazitundika kwa Chun-ja. Gumzo bwawani linapungua. Mama Gu, aliyeingia na suruali imekunjwa magotini kuangalia bomba linalovuja, anasimama mlangoni.

"Bega limekataa," Geum-ok anasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Nilikuwa hospitali, mashine ilinipumulia, na tangu hapo bega hili ni bovu. Nitapumzika nusu saa, halafu nitarudi. Asiyeweza kungoja ataoshwa na dada Chun-ja."

Chun-ja hainui kichwa kutoka kwenye mgongo anaousugua. "Umeniletea na ule wa mama mwenye duka la mchele? Yule ana eneo, nitamaliza kesho kutwa."

"Nimekusikia!" inatoka sauti bwawani, na wanawake wanaangua kicheko.

Mwenye duka la mchele anatoka majini, mwekundu kama pilipili, anakwenda hadi kwenye kulabu za Chun-ja. Anautafuta ufunguo wake, anaurudisha kwa Geum-ok.

"Nani kakwambia nina haraka?" anauliza. "Nyumbani kuna mama mkwe na karai la mafuta. Pumzika hata saa nzima, mama mdogo. Pumzika mpaka wamalize kukaanga."

Wengine wawili wanafanya kama yeye. Waliobaki wanakwenda kwa Chun-ja, na hakuna anayelalamika. Geum-ok anaketi kwenye kigoda cha plastiki karibu na maji baridi, barafu imefungwa begani kwa taulo, anakunywa maziwa ya ndizi aliyonunuliwa na mtu asiyemjua. Baadaye anasimama, anaita namba.

Mama Gu anatoa uamuzi wake jioni, kwenye kaunta, akipanga tiketi.

"Nilitaka mtu wa kusimama siku nzima," anasema. "Sikumpata. Nimempata anayesema mapema kabla hajaanguka. Huyo hawezi kuniachia bibi wa watu mezani. Asubuhi meza ni yake. Mchana nitampa yule wa Sacheon."

Maana yake ni nusu ya kodi, na pia nusu ya mapato. Geum-ok amekubali bila kuomba muda wa kufikiri. Mchana atakuwa akienda mazoezi ya bega, na mara moja kila wiki mbili kwa mshauri, sasa bila kofia. Daktari amemwambia huenda maumivu yasiishe kabisa.

"Nilikuwa nangoja yaishe ndipo nianze kuishi," anasema. "Nimeacha kungoja. Yatanikuta kazini."

Jambo moja bado linamshinda. Wasuguaji wa hamamu hii husuguana wao kwa wao wateja wakishaondoka, mmoja akilala, mwingine akivaa glavu. Tangu atoke hospitali, Geum-ok amekuwa akijiosha mwenyewe, ameketi. Kulala chali kwenye meza hiyo, akiguswa na kugeuzwa na mikono ya mtu, ni kurudi kule kule.

Wiki iliyopita alijaribu. Chun-ja alikuwa amemaliza mguu wa kushoto pale tone la mvuke lilipodondoka kutoka darini hadi shavuni kwa Geum-ok. Akaketi ghafla, akashuka, akavaa nguo.

"Nikaenda nyumbani na mguu mmoja wa mwaka mpya na mwingine wa mwaka jana," anasema.

Mpango wake ameupanga kwa viungo. Baada ya sikukuu watafanya mguu wa kulia. Wakimaliza miguu, mikono, kisha tumbo. Kifua ndicho cha mwisho, na anataka wakifikie maua ya cheri yakichanua kando ya mto.

"Yakipukutika hujafika kifuani, nitakusugua kwa nguvu zote," Chun-ja anamwonya akisuuza meza yake. "Usije ukalia."

"Kulia nitalia, dada," anajibu Geum-ok. "Lakini nitakuwa nimelala chali."