Karatasi Kumi na Mbili, Jibu Moja

Ahimidiwe Mola aliyetuumba mataifa mbalimbali ili tujuane, akanipa umri wa kukosea na wa kurekebishwa.

Mjukuu wangu wa kike alikuwa akisomea biashara chuoni Nizwa, hapa Oman. Mwaka wa mwisho alitakiwa apime namna wanafunzi wenzake, Wahindi, Wasudani na Waomani, wanavyotofautiana katika mambo ya kazi. Yafaa kumpinga mkubwa wako? Uamue peke yako au na wenzako? Kila swali lina namba, moja hadi tano, unazungushia moja. Bila ya utafiti ule hamalizi chuo.

Wahindi na Wasudani walijaza maktabani, kila mmoja kivyake. Waomani, vijana kumi na wawili, aliwaalika kwetu Manah. Yeye akabaki ndani na bibi yake, mimi nikawapokea sablani, chumba chetu cha wageni. Tukala tende, tukanywa kahawa, kisha nikagawa karatasi. Kijana mmoja akasoma swali la kwanza kwa sauti, akanigeukia.

"Wewe wasemaje, babu?"

Nikasema. Wote wakaandika. Tukaenda hivyo mpaka mwisho, nami nikifurahia adabu yao.

Siku ya pili yake mwalimu akamwita mjukuu wangu. Karatasi zote kumi na mbili zimefanana, akadhani kazijaza mwenyewe. Mtoto alirudi macho mekundu.

"Babu, uliwafanya nini?"

"Niliwakirimu."

"Uliwajibia!"

"Waliniuliza. Mimi bubu?"

Mke wangu akacheka. "Mwanangu, na wewe una makosa. Umwachie babu yako maswali ishirini, kisha utaraji anyamaze?"

Asubuhi nilifuatana naye chuoni, nikamweleza mwalimu wake, Mmisri, kwamba kosa ni langu. Alinisikiliza kwa upole, akampa siku tatu arudie, kila kijana ajaze peke yake.

"Nawe, sheikh, tafadhali usiwepo."

Walipokuja tena nilikaa msikitini tangu alasiri. Mmoja wao akanifuata huko huko.

"Babu, lile la kumpinga mkubwa, ulisema ngapi?"

Jibu lilikuwa mdomoni. "Nenda kaandike lako," nikamwambia. Wallahi, nimefunga siku za joto kali zilizokuwa nyepesi kuliko maneno yale.

Kazi ikakubaliwa, alhamdulillahi. Mjukuu akanionesha majibu mapya. Wengi wa wale vijana wameandika kuwa yafaa kumpinga mkubwa akikosea. Na mimi niliwaandikisha kinyume chake, wao wakiniitikia "taib, babu" na kunimiminia kahawa! Nilidhani nimesikia rai zao, kumbe nilisikia heshima yao tu. Mara ngapi maishani nimeichukua heshima ya mtu nikaifanya ni kukubali kwake? Sijui. Najua kwamba siku hizi tukishauriana nyumbani, naomba mdogo aanze kusema, na mara nyingine huniudhi, nami husubiri.

Nawe uliyesoma mpaka hapa, Mola akujaalie wakubwa wenye masikio na wadogo wenye adabu, na akusamehe kila ulipomsemea mwenzako. Amin.