Mtume Aliyekubali Kutengwa

Mama yangu hakujua kusoma hata herufi moja, lakini yule mtume wa nyaraka alimjua kuliko alivyomjua baba yangu. Namsema yule aliyewatesa Wakristo kwanza, kisha akawa mmoja wao na kufungwa gerezani kwa ajili yao. Mimi niliyesomea misheni kule Masasi, nikarudi Newala kufundisha watoto, nilizoezwa kumheshimu. Mama alimsema kama mtu anavyomsema shemeji yake. Nikimsomea nyaraka zake, katikati ya sura atanikatiza: leo kakasirika huyu, subiri, sasa hivi ataanza kubembeleza. Nikisoma mbele kidogo, kweli, mzee wa watu anabembeleza. Alijisifu, akaona haya, akajisifu tena. Akiwa kifungoni aliomba aletewe joho lake kabla ya baridi, na hapo Mama alilia, akasema mtu mzima akifika kuomba nguo ujue hana mtu.

Alikuwa analia ya kwake. Kaka yangu alikwenda manamba, kukata mkonge, na wenzake wote aliofuatana nao walikwisha kurudi na baiskeli na mablanketi, yeye hayupo. Ukiwauliza, kila mmoja ana lake. Mama akashindwa kula. Mwisho akafanya wanavyofanya watu wa kwetu tangu enzi: alichukua unga wa mtama, akaenda kwenye mti wa msolo, akawataja wazee waliotangulia, akaumimina kidogo kidogo mpaka ukasimama kilima chenye ncha, akaufunika kwa chungu. Ncha ikianguka usiku, unayemwulizia hayupo tena duniani. Alfajiri akafunua. Ncha imesimama. Mwanawe yu hai.

Aliyemwona akifunua ni mzee wa kanisa aliyekuwa akipita kwenda shambani. Jumapili iliyofuata Mama akatengwa. Asipokee Komunio, na akifa katika hali hiyo, asipigiwe kengele, asisomewe sala, wala Mkristo asikanyage kaburini kwake. Dawa yake ilikuwa ndogo tu: asimame mbele ya watu aseme anajuta unga ule, yaishe. Wengi walikwisha kulisema neno hilo, na jioni yake walionekana kule kule msoloni. Mama alikataa katakata.

Tuliishi hivyo mpaka miguu yake ikaanza kuvimba. Nikampeleka hospitali ya Ndanda, wakamlaza, wakamtibu walivyoweza, kisha wakaniambia kwa upole nimrudishe nyumbani. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Maji ya kufulia nguo za altare ni yeye aliyeyapandisha kutoka bondeni, mtungi kichwani, miaka nenda miaka rudi, na nyinyi mnaokaa mjini hamjui mteremko ule unavyovunja magoti. Leo afukiwe kimya kama kuku aliyekufa kwa kideri? Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia mbele yake kama mtoto. Nikamtupia hata mtume wake, kwamba yeye mwenyewe aliyakemea mambo ya namna hiyo. Mama akaniambia nifungue pale anapowalilia ndugu zake. Nikafungua. Pale mtume anasema yuko tayari yeye mwenyewe kutengwa na Bwana wake, mradi ndugu zake wapone.

"Umesikia?" akasema. "Huyo hakungoja kutengwa na mtu. Alijitoa."

Niliteremka Masasi kwa lori la korosho kumfuata padre. Alikuwa Mwafrika mwenzetu, kijana wa umri wa kuzaliwa na Mama, wala hakuwa mtu mbaya. Alipanda nami mpaka nyumbani, na mkate wa Komunio ukiwa katika mfuko mdogo shingoni. Mama, hoi mkekani, ndiye aliyemwamkia shikamoo. Padre akaitikia marahaba huku akitazama pembeni, akachuchumaa, akamwomba aseme tu kwamba anajuta, hata kwa kunong'ona, yeye atasikia.

"Nikijuta, Baba, nimesema unga ulidanganya," Mama akajibu. "Na kama ulidanganya, mwanangu amekufa. Unataka nimwue kwa mdomo wangu?"

Padre akainuka. Akasema sheria hakuitunga yeye. Akaomba sala fupi akiwa amesimama mlangoni, akaondoka, mfuko haujafunguliwa. Nilimfuata mpaka barabarani nikamtukana matusi ambayo sitayaandika. Aliendelea kutembea tu, na hilo likanichoma zaidi.

Niliporudi ndani Mama akataka nisome. Alitaka maneno yanayotangulia yale ya kutengwa, mahali mtume anapoyataja mambo yote yasiyoweza kumtenganisha mtu na upendo wa Mungu: kifo, uhai, wenye mamlaka, walio juu, walio chini. Nilisoma. Akaniinulia mkono.

"Na padre, kamtaja humo?"

"Hakumtaja, Mama. Kasema hakuna kiumbe chochote kinachoweza."

"Basi yumo," akasema, akacheka mpaka kikohozi kikamshika.

Mimi sikucheka. Kesho yake mchana akakata roho, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Tulimzika katika mikorosho yake. Wakristo wenzake walisimama barabarani, hakuna aliyethubutu kuingia shambani, na majirani zetu Waislamu ndio walioshuka kaburini kumpokea. Niliwakodolea macho wale wa barabarani mpaka wakainamisha vichwa. Mtume yule angewasamehe kabla jua halijatua, ndiyo iliyokuwa tabia yake. Mimi sikuweza, na Mungu anajua nilijaribu.

Kaka yangu hajarudi mpaka leo. Watu wakiniuliza, nasema yuko mkonge.