Nilimwapia Mjane Kwamba Hatatokea Pichani

Nimekosa. Nalisema mwanzo kabisa, usije ukasoma nusu ukaanza kunionea huruma bure. Kosa ni langu, na shetani simsingizii, ana yake ya kutosha.

Jina langu silitaji. Mji Mkongwe ni mdogo, ukikohoa uchochoro huu unapewa pole uchochoro wa pili.

Mimi ni mwanamke na kazi yangu ni kupiga picha shughuli za wanawake. Unazijua shughuli zetu. Mabuibui yanavuliwa, nywele zinaachiwa, watu wanacheza mpaka jasho. Simu zote zinakusanywa kikapuni mlangoni. Mimi peke yangu naachiwa niingie na kamera, kwa sababu yangu ni ya filamu, ile pana ya zamani, na filamu hairuki ikaingia kwenye magrupu ya watu. Naisafisha mwenyewe nyumbani, chooni, mlango nimeufunga. Kwa hilo wanawake wakaniamini, na imani yao ndiyo inayonilisha mimi na mwanangu.

Sasa sikia ujinga wangu!

Vyumba vya nyumba zetu za kale ni virefu lakini vyembamba, maana upana wa chumba haupiti urefu wa boriti. Unarudi nyuma kumpiga bi harusi mpaka mgongo unagota ukutani, na bado nusu ya watu wanakatika. Roho yangu ikataka lenzi pana. Ya kamera yangu sikuipata. Nikapata lenzi kongwe ya kamera nyingine ambayo yenyewe ilishakufa zamani, nikampelekea fundi wa kukereza vyuma, akanichongea ringi ya shaba ya kuiunganisha. Ikakaa kama imezaliwa pale.

Lakini kamera yangu huchungulii kupitia lenzi. Unachungulia kidirisha kidogo kilicho juu yake, na kidirisha kile kilitengenezwa kwa lenzi yake ya mwanzo. Fundi wa watu, asiyejua picha, aliliona hilo kabla yangu.

"Hichi kidirisha kinajua kama umebadilisha lenzi?" akaniuliza.

"Hakijui."

"Basi hapa utaona mtu mmoja, filamu itaona watatu. Shauri yako, Bi."

Nikacheka. Nikamwambia nshapiga hesabu kichwani. Hesabu gani, jamani! Nilijaribu mkanda mmoja tu, chumbani kwangu, nikaona lenzi imebeba mpaka mlango ambao sikuuona nilipochungulia. Nilitakiwa nijaribu tena na tena mpaka nijue mwisho wa picha uko wapi. Sikujaribu. Nilikuwa na haraka ya kusifiwa.

Siku tatu baadaye nikaitwa kwenye hina ya bi harusi mmoja, alasiri, chumba cha juu. Binti huyo mama yake alifariki akiwa mchanga, akalelewa na mama yake mdogo. Huyo mama mdogo nitamwita Bi Salma, silo jina lake. Na Bi Salma siku hiyo alikuwa ndani ya eda, shereheni haingii. Mumewe amekufa, zimebaki siku kama ishirini hivi atoke. Alikaa eda yake nyumba ya pili, kwa mama mkwe wake, mzee aliyekuwa hajiwezi. Bi Salma ndiye aliyemlisha na kumuogesha.

Nyumba mbili zile zina mlango wa kupenyeana huku juu. Mzee alipopitiwa na usingizi, Bi Salma akausukuma mlango, akasimama pembeni ya kabati na nguo zake nyeupe. Wanawake waliomuona wakageuza nyuso, kama hawakumuona. Walijua nani aliyemlea yule mtoto.

Akaninong'oneza, "Mwanangu, nnakuomba. Mimi nsitoke pichani. Nna eda, nnamtizama mara moja tu nnarudi."

Nikachungulia kidirishani. Picha ikaishia kabla ya kabati, mbali kabisa.

"Wallahi hutoki, Bi Salma," nikamwambia. "Nshaangalia."

Nimeapa! Kwa jina la Mungu, kwa kitu nisichokuwa na hakika nacho. Astaghfirullah.

Wakati huohuo bi harusi akainua uso, mikono yake imejaa hina mbichi, akamuona mama yake mdogo. Machozi yakamtoka na hawezi kuyafuta. Nikabonyeza.

Nilipoisafisha ile filamu, nikainyanyua kwenye mwanga. Bi Salma alikuwemo. Mzima mzima, pembeni, mkono umeziba mdomo. Lenzi ile kongwe hutia giza kwenye pembe za picha, na yeye alisimama ndani ya giza lile, lakini alikuwemo.

Dawa yake ilikuwa mkasi tu. Kata ile pembe, choma, basi. Nikajaribu kuiziba kwa kidole nione itakuwaje. Bi harusi akawa analia anatazama ukuta! Nikaondoa kidole, akawa mtoto anamtazama mama yake. Sijapata kupiga picha nzuri kama ile maishani mwangu. Nikaichapa kubwa, nikaitia kwenye albamu yangu ya kuwaonesha wateja. Nikajiambia, giza lile, nani atamjua?

Wiki haikwisha, akaja mama mmoja nyumbani kwangu. Binti yake anaolewa, anataka kuona kazi zangu. Nikamkaribisha, nikamtilia chai, nikampa albamu. Akafunua, akasifu, akafunua. Kisha akafika kwenye ile picha kubwa.

"Hii hina ya lini?"

"Ya Alkhamisi iliyopita," nikajibu, kifua mbele kwa fahari.

Akaikaribia picha machoni. "Huyu wifi yangu. Huyu nnamjua hata umfunike gunia. Kaka yangu hata miezi minne hajatimiza kaburini!"

Sikuwa nikimjua kuwa ni dada wa marehemu. Wallahi sikumjua. Akaichomoa picha, akaondoka nayo, chai hajaigusa. Nikatupa buibui juu na kumkimbilia, lakini vichochoro vile ukikosea pembe moja umempoteza mtu.

Nilipofika kwa Bi Salma nikawakuta wote juu. Mzee kaegemezwa mito, picha iko mapajani mwake. Wifi mtu kasimama. Bi Salma kakaa chini, bakuli la uji mkononi.

"Na mpigaji mwenyewe huyu kaja," wifi akasema. "Ulimpiga wewe huyu?"

Kabla sijasema neno, Bi Salma akasema, "Nlimwomba mwenyewe anipige. Nlitaka ukumbusho na mwanangu. Yeye hana kosa."

Mzee akanigeukia taratibu. "Kweli, mwanangu?"

Hapo ndipo nilipokosa hasa, rafiki yangu. Yale ya nyuma yalikuwa uzembe na kujisifu. Hapa nilijua. Nilifikiria kikapu cha simu pale mlangoni, nikafikiria wanawake wakiambiana kwamba mimi huapa halafu nikapiga. Nikasema, "Kweli."

Mzee akafumba macho.

"Angekuja kumtizama mtoto aliyemlea, ningemsamehe," akasema. "Na mie nimelea yatima, nnajua. Lakini kujipanga apigwe picha, ndani ya eda ya mwanangu! Ondoa uji wako, Salma."

Hebu fikiri! Ukweli ungemuokoa. Ukweli ule ule nilioumeza.

Bi Salma alinisindikiza mpaka kwenye ngazi. Nikaanza kulia, akanifinya mkono. "Nyamaza. Wewe ukifungiwa milango utakula nini na mtoto? Mkwe wangu ananipenda, atapoa."

Hakupoa. Hakula tena kwa mkono wa Bi Salma hata kijiko. Eda ilipokwisha, Bi Salma akaambiwa arudi kwao Makunduchi, akaenda. Mimi nikajiambia nitakwenda kusema Ijumaa. Ijumaa ikapita, nikasema ijayo, wiki hii nina shughuli mbili. Ndiyo, milango ilikuwa bado inafunguliwa! Naingia, nasifiwa, "huyu dada muaminifu," na kila nikisifiwa natamani ardhi ipasuke.

Mzee akafa.

Msibani nilimuona Bi Salma. Mtu aliyemuogesha yule mzee miaka na miaka alikaa chini ukumbini, pamoja na majirani wa mbali, na hakuna aliyemwita juu wakati wa kuikosha maiti. Alikaa na kanga yake mdomoni. Aliponiona akaniamkua kwa kichwa. Hakuninunia, na afadhali angeninunia.

Baada ya hitma nikamfuata yule wifi. Nikamwambia yote: lenzi, kidirisha, kiapo, na lile "kweli" langu. Nikamwambia azitangaze mji mzima habari zangu, nimekubali.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Unanambia mimi nifanye nini? Wa kusamehe tushamzika."

Akaingia ndani. Mpaka leo hajamwambia mtu, na mimi ndiyo kwanza naandika hapa, tena bila jina. Hata katika kutubu mie mwoga! Lakini Makunduchi nakwenda kesho, kumwomba radhi Bi Salma mbele ya watu wake.

Wapigapicha wenzangu, hasa mnaounga lenzi za watu kwenye kamera zenu: usimwapie mtu kwa kitu ambacho jicho lako halikioni. Na wewe mwingine, mwenye mtu aliyebeba kosa lako, usingoje Ijumaa. Inuka sasa hivi ukaseme, mzee akiwa bado yuko hai wa kukuuliza.